Kanda za zamani za televisheni: vipimo vipi vya kurekodia kidijitali huhifadhi picha, na vipi huiharibu?

Usiku wa tarehe 31 Disemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kuanza kuyaacha matangazo ya aina hiyo. Rwanda ilifuata mwaka 2014, na Kenya mwaka 2015, mwaka ambao makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006 yaliuweka kuwa kikomo. Tangu hapo ving'amuzi vimekuwa sehemu ya samani za nyumba. Kilichosalia cha enzi ile hakiko tena hewani. Kiko kabatini, kwenye kanda za VHS zenye maandishi ya kalamu yaliyofifia.

Kwenye kanda hizo mna mambo mengi. Mna taarabu iliyorekodiwa sebuleni kutoka Televisheni ya Zanzibar, iliyokuwa ikirusha picha za rangi tangu miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Mna mechi za Kombe la Chalenji, hotuba, tamthilia, na harusi za watu ambao baadhi yao wamekwisha tangulia mbele ya haki. Vituo vingi duniani viliwahi kurekodi upya juu ya kanda zao wenyewe ili kupunguza gharama, kwa hiyo nakala ya nyumbani, pamoja na mikwaruzo yake, huenda ikawa ndiyo pekee iliyobaki. Nazo deki za kuichezea zinazidi kuadimika: kampuni ya Funai ya Japani, iliyotajwa kuwa ya mwisho kuziunda, ilisitisha uzalishaji mwaka 2016.

Ndiyo maana wengi sasa wanazihamishia kwenye kompyuta, wenyewe au kwa kumlipa fundi. Kazi yenyewe huonekana nyepesi. Deki huunganishwa na kifaa kidogo cha USB cha kunasia picha, na programu ya kurekodia huuliza mambo mawili kabla ya mengine: picha iwe na pikseli ngapi, na kila sekunde ya picha itumie biti ngapi. Watu huyajibu kwa haraka. Huchagua namba kubwa kuliko zote kwa swali la kwanza, ili picha iwe ya kisasa, na namba ndogo kwa la pili, ili faili lisijaze diski. Kati ya michanganyiko yote inayowezekana, huo ndio mbaya kuliko yote, na anayeutumia kisha akaitupa kanda hana pa kurudi.

Mstari usio na pikseli

Picha ya mfumo wa PAL, uliotumika Kenya, Uganda na Tanzania, ilichorwa kwa mistari 625, mara 25 kwa kila sekunde. Kati ya mistari hiyo, 576 ndiyo inayobeba picha yenyewe. Iliyobaki hutumika kuiongoza televisheni ijue mchoro unaanzia wapi na unaishia wapi. Mistari basi inahesabika. Lakini ndani ya mstari mmoja hamna kitu cha kuhesabu. Mna wimbi la umeme linalopanda palipo na mwanga na kushuka palipo na giza, likidumu kwa takriban mikrosekunde 52, kisha mstari unaofuata huanza. Pikseli huzaliwa pale tu kifaa cha kunasia kinapolipima wimbi hilo. Kulipima mara 352 au mara 720 ni uamuzi wa anayerekodi. Kanda yenyewe haina jibu.

Hata hivyo kanda ina mipaka. Matangazo ya PAL ya aina iliyotumika Kenya yalitengewa megahezi 5 kwa ajili ya picha, yaani wimbi liliweza kupanda na kushuka mara milioni 5 kwa sekunde na si zaidi. Kanuni ya upimaji inataka kila mpando na mshuko upimwe angalau mara mbili. Hesabu yake ni fupi: milioni 5, zidisha kwa mikrosekunde 52, zidisha kwa mbili, na jibu ni vipimo 520 kwa mstari. Hicho ndicho kilichofika kwenye antena siku ya hewa nzuri. Kanda ya VHS, ambayo kampuni ya JVC iliingiza sokoni mwaka 1976, ilibana zaidi: inabeba takriban megahezi 3, sawa na vipimo 310 hivi kwa mstari. Rangi zilibanwa kuliko hapo, ndiyo maana wekundu wa gauni katika kanda ya harusi humwagikia ukutani nyuma ya bibi harusi.

Kwa hesabu hiyo, kurekodi VHS kwa upana wa pikseli 1920 ni sawa na kumimina kikombe cha chai kwenye pipa. Baadhi ya vifaa vya bei nafuu vinavyotangazwa kwa maandishi makubwa ya "1080" hufanya hivyo hasa: hupokea picha ileile ya mistari 576, huitanua kwa kubuni pikseli za katikati, kisha huibana upya. Kinachoongezeka ni mzigo tu.

Kwa nini basi wataalamu wengi hupendekeza upana wa 720, ilhali 310 ingetosha? Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Mwaka 1982 ilikubaliwa kanuni moja ya kimataifa ya kuigeuza picha ya televisheni kuwa tarakimu, nayo iliweka pikseli 720 kwa kila mstari, kwa mfumo wa Ulaya na wa Marekani sawia. Vifaa vya kunasia vimejengwa juu ya kanuni hiyo, na DVD na programu nyingi za kuhariri video huitambua bila kubembelezwa. Sababu ya pili ni kwamba vichujio vya umeme si vikamilifu. Kupima kwa nafasi ya ziada huzuia kingo za vitu zisiharibike. Upana wa 352 kwa kimo cha 576 si kosa kwa kanda ya VHS, na rekoda nyingi za DVD ziliutumia kimyakimya pale mwenye nyumba alipochagua kurekodi saa nyingi kwenye diski moja. Lakini kwa nakala ya kuhifadhiwa, 720 kwa 576 ndiyo mahali salama pa kusimama.

Jambo moja huwababaisha wengi. Ukigawanya 720 kwa 576 hupati uwiano wa 4 kwa 3 wa televisheni za zamani, kwa kuwa pikseli za kanuni hiyo si mraba kamili. Faili likionyeshwa bila kuambiwa hivyo, watu huonekana wamekonda kuliko walivyokuwa. Likivutwa lijaze skrini pana ya leo, hunenepa. Dawa yake ni kuweka alama ya 4:3 ndani ya faili, kazi ya sekunde moja katika programu nyingi. Kuivuta picha yenyewe wakati wa kurekodi hakuhitajiki.

Kimo hakiguswi

Ikiwa upana una nafasi ya kuchagua, kimo hakina. Mistari 576 ipo kweli kwenye kanda, na kuipunguza ni kutupa kitu kilichopo. Kuna hatari nyingine isiyoonekana mara moja. Televisheni ya analojia haikuchora picha nzima kwa mpigo mmoja. Ilichora kwanza mistari ya witiri, 288, kisha ikarudi juu na kuchora ya shufwa, 288 mingine, sehemu moja ya hamsini ya sekunde baadaye. Kila picha kamili ni nusu mbili za nyakati mbili tofauti, na jicho liliona mwendo wa hatua 50 kwa sekunde. Ndiyo sababu mpira wa miguu kwenye televisheni ya zamani ulikwenda laini kuliko filamu ya sinema.

Sasa programu nyingi za kompyuta, zilizozaliwa katika nchi za mfumo wa Kimarekani wenye kimo cha mistari 480, hufunguka zikiwa zimepangwa 640 kwa 480. Mtumiaji wa Mombasa au Kampala akibonyeza kitufe cha kurekodi bila kubadilisha, programu hukandamiza mistari 576 iwe 480, na katika kukandamiza huchanganya mstari wa nusu ya kwanza na wa nusu ya pili. Nyakati mbili huwa uji mmoja. Mkono unaopunga huacha kivuli, ngoma hupigwa na vijiti viwili vilivyofifia, na hakuna programu inayoweza kuzitenganisha tena. Katika makosa yote ya vipimo hili ndilo la kawaida zaidi, na halitoi onyo lolote.

Kuchagua 352 kwa 288, kipimo kilichotumiwa na diski za VCD zilizojaa madukani miaka ya 1990, kuna hasara ya aina nyingine. Hapo kwa kawaida nusu moja ya kila picha hutupwa nzima. Mwendo hushuka kutoka hatua 50 hadi 25 kwa sekunde. Wazee waliokaa mbele ya kamera wakizungumza hawatadhurika sana, lakini mshambuliaji anayekimbia na mpira atadonoa uwanja kama kuku.

Anayerekodi kwa usahihi, yaani 576 bila kuchanganya, hukutana na kioja anapofungua faili kwenye kompyuta: kingo za vitu vinavyokwenda huonekana zina meno kama ya kitana. Wengi hudhani kanda imeharibika, wakarudi kuchagua kipimo kidogo ili meno yatoweke. Kanda haina neno. Meno hayo ni nusu mbili za picha zikionyeshwa kwa pamoja na skrini isiyochora kwa zamu, na katika nakala ya kuhifadhi huachwa yalivyo. Huondolewa baadaye, katika nakala ya kutazama, kwa kuzigeuza nusu 50 kuwa picha 50 kamili kwa sekunde. Iwapo baada ya hapo mwendo unakwenda mbele na nyuma kama mlevi, mpangilio wa nusu ipi itangulie umegeuzwa. Hubadilishwa na mambo hutengemaa.

Biti zinakokwenda

Picha ya 720 kwa 576 isiyobanwa hata kidogo hula karibu megabaiti 21 kila sekunde, yaani takriban gigabaiti 75 kwa saa. Kanda ya kawaida ya saa tatu ingejaza gigabaiti 225. Kwa hiyo picha hubanwa, na kasi ya biti ndiyo kauli ya mwisho kuhusu ubanaji utakuwa mkali kiasi gani. Ipo hesabu rahisi ya kukumbuka: kila megabiti moja kwa sekunde ni megabaiti 450 kwa saa. Megabiti 4 ni gigabaiti 1.8 kwa saa, megabiti 8 ni 3.6. Yeyote mwenye diski na orodha ya kanda zake anaweza kupanga mapema kwa kalamu na karatasi.

Mifumo ya kubana, kama MPEG-2 ya DVD au H.264 iliyoidhinishwa mwaka 2003, hufanya kazi kwa kukumbuka. Huhifadhi picha moja nzima, kisha kwa zile zinazofuata huandika tu kilichobadilika. Msomaji wa taarifa ya habari aliyekaa mbele ya pazia hubadilika midomo na kope, hivyo biti chache zinamtosha. Kikundi cha taarabu jukwaani, waimbaji wakiwa wamesimama na zana zikichezwa polepole, nacho hakina makuu. Bahari ni jambo jingine. Mashindano ya ngalawa, maji yakimeremeta kila mahali kwa wakati mmoja, humaliza akiba yote. Vivyo hivyo umati uwanjani, vumbi la ngoma, au majani ya minazi kwenye upepo. Biti zikiisha, mfumo hukata kona, na picha huvunjika kuwa miraba.

Hapo ndipo maswali mawili ya mwanzo yanapokutana, na ndipo ushauri mwingi unaotolewa kwa haraka unapopotosha. Pikseli na biti si vipimo viwili vya ubora vinavyojitegemea. Biti hugawiwa pikseli kama posho. Ukiongeza pikseli bila kuongeza biti, kila moja hupata kidogo zaidi. Kwa MPEG-2 yenye megabiti 2.5 tu kwa sekunde, picha ya 352 kwa 576 huonekana nzuri kuliko ya 720 kwa 576, kwa sababu posho ileile inagawiwa nusu ya walaji. Mwenye nafasi ndogo na apunguze upana kwanza, kimo akiache. Mwenye nafasi ya kutosha achukue 720 na aupe biti zake.

Kiasi gani? Kwa MPEG-2 katika 720 kwa 576, megabiti 8 hadi 9 kwa sekunde hutosha kanda nyingi. DVD yenyewe huishia megabiti 9.8 kwa picha. Chini ya 5 uharibifu huanza kuonekana kwa jicho la kawaida. Mfumo wa DV, uliotumiwa na kamera ndogo za kanda za miaka ya 1990 na 2000, huchukua megabiti 25 na karibu gigabaiti 13 kwa saa; ni wa kizamani, lakini bado ni wa kuaminika. Nyaraka za kitaifa na maktaba zinazojali mno huenda mbali zaidi, kwa kubana bila kupoteza hata nukta: mfumo wa FFV1, unaotumika bure, huipunguza picha hadi karibu nusu ya ukubwa wake au chini kidogo. Saa moja hula gigabaiti 30 hivi, na diski ya terabaiti moja hubeba zaidi ya saa 30. Kwa familia yenye kanda kumi au kumi na tano, bei ya diski hiyo si jambo la kutisha ukilinganisha na kinachookolewa.

Chenga nazo zina njaa

Liko jambo ambalo huwashangaza hata mafundi. Kanda mbovu huhitaji biti nyingi kuliko kanda nzuri. Akili ya kawaida husema kinyume: picha imejaa chenga, ya nini kuipa nafasi kubwa? Lakini chenga ni nukta zinazobadilika mahali pote, mara 25 kwa sekunde, bila mpangilio wowote. Kwa mfumo unaoandika kilichobadilika tu, hakuna adui mkubwa kuliko huyo. Haujui kwamba chenga ni uchafu. Huziona kama habari mpya, huzitumikia kwa uaminifu, na uso wa nyanya aliyeketi nyuma yake hubakiwa na makombo.

Kwa hiyo mchezo uliorekodiwa kwa antena ya waya kijijini unastahili kasi kubwa kuliko ule uliorekodiwa karibu na mnara. Lingine la kufanya ni kupunguza chenga kabla hazijafika kwenye kompyuta. Vichwa vya deki visafishwe. Kanda yenye ukungu mweupe isiingizwe kabisa kabla ya kusafishwa, maana ukungu huhamia kwenye vichwa na kutoka hapo kwenye kanda inayofuata. Deki yenye tundu la S-Video ni bora kuliko yenye waya mmoja wa njano, kwa kuwa hutenganisha mwanga na rangi. Kanda ambayo haijachezwa kwa miaka mingi hupelekwa mbele hadi mwisho na kurudishwa mara moja, taratibu, ili ilegee. Programu za kusafisha chenga zipo na nyingine ni hodari sana, lakini hutumika kwenye nakala, si wakati wa kurekodi.

Kanda kutoka ng'ambo ya mpaka

Familia za eneo hili hazikukaa upande mmoja wa mpaka, na kanda zao vilevile. Televisheni za Burundi na ya iliyokuwa Zaire zilifuata mfumo wa SECAM wa Kifaransa, huku majirani wa mashariki wakifuata PAL. Mifumo yote miwili ina mistari 625, kwa hiyo vipimo vya 720 kwa 576 havibadiliki. Tofauti iko kwenye rangi. Kanda iliyorekodiwa Bujumbura kutoka hewani, ikichezwa kwenye deki ya PAL pekee mjini Kigoma, huweza kutoa picha safi kabisa isiyo na rangi hata chembe. Watu wamezitupa kanda za namna hiyo wakidhani rangi imekufa. Haijafa: inahitaji deki inayosoma SECAM, na kwenye menyu ya programu ya kunasia mfumo uchaguliwe vivyo hivyo.

Deki nyingi zilizoletwa kutoka Dubai na Muscat zilikuwa za mifumo mingi, na leo zinatafutwa kwa sababu hiyohiyo. Hizo ndizo zinazoweza kusoma pia kanda ya jamaa walioko Marekani au Kanada, ya mfumo wa NTSC. Kwa kanda hiyo vipimo hubadilika: ni mistari 480 ya picha, karibu picha 30 kwa sekunde, na kipimo sahihi ni 720 kwa 480. Kuirekodi kwa 576 ni kosa lilelile la 640 kwa 480, likitendwa kutoka upande wa pili.

Sauti haina ugumu wa kulinganisha. Sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16, bila kubanwa, ni megabiti 1.5 tu kwa sekunde, na kuibana ili kuokoa kiasi hicho katika nakala ya kuhifadhi ni ubahili usio na faida. Muhimu ni kwamba sauti na picha zipite katika kifaa kimoja. Sauti ikipitia tundu la maikrofoni la kompyuta na picha ikapitia USB, saa mbili baadaye mwimbaji atakuwa amefunga mdomo huku wimbo ukiendelea. Kanda iliyochakaa huleta tatizo kama hilo kwa njia nyingine: mistari yake hutikisika, kifaa hushindwa kuifuata na huruka baadhi ya picha. Programu nyingi huonyesha idadi ya picha zilizorukwa. Namba hiyo ikipanda mfululizo, inafaa kusimamisha na kutafuta chanzo. Rekoda za DVD za aina fulani, zikiwekwa kati ya deki na kompyuta kama daraja bila diski ndani, huituliza mistari hiyo vizuri.

Unapompelekea fundi

Si kila mtu ana deki, na studio ndogo za mitaani bado hufanya kazi hii, kwa kawaida kwa kuhamishia kwenye DVD au flashi. Bei hupangwa kwa diski, na hapo pana mtego. Diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Ikijazwa kwa saa moja, kasi ni karibu megabiti 10 kwa sekunde; kwa saa mbili ni 5; kwa saa nne ni 2.6, na kwa saa sita haifiki hata 2. Mteja anayeomba kanda mbili za saa tatu ziingie kwenye diski moja ili alipe kidogo amekwisha chagua kasi ya biti bila kujua. Na fundi, ambaye hakuulizwa, hatamwambia.

Mambo machache ya kumwuliza kabla ya kumwachia mfuko: atarekodi kwa kimo gani, na jibu liwe 576, ataweka muda gani kwenye diski moja, na jibu lisizidi saa mbili, kama anaweza kutoa faili lenyewe kwenye diski ya nje badala ya DVD, na kama kanda zitarudishwa. La mwisho lisiachwe. Aliyerekodi vibaya leo anaweza kurekodi tena mwakani kwa deki nzuri zaidi, ilimradi kanda ipo. Ni busara pia kufanya majaribio ya dakika tano kabla ya kazi nzima, kwa kuchagua sehemu yenye mwendo mwingi, na kuyatazama kwenye skrini kubwa. Kwenye simu kila kitu huonekana kizuri.

Nakala ya kuwatumia ndugu ni kazi tofauti na huja mwisho. Hutengenezwa kutoka kwenye faili la kuhifadhi, meno ya kitana yakiwa yameondolewa, kwa H.264 ya megabiti 3 hadi 5 kwa sekunde. Programu ikitoa nafasi ya kuchagua ubora badala ya kasi, namba ya 18 hadi 20 katika mfumo huo hufanya vizuri. Ndogo zaidi ni bora zaidi, na programu itagawa biti yenyewe, ikiwapa wacheza ngoma nyingi na msoma habari chache. WhatsApp na mitandao mingine huibana video upya kwa ukali inapotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo faili lililorudi kutoka kwenye simu ya shangazi lisihesabiwe kuwa nakala. Faili la kuhifadhi hukaa kwenye diski mbili, nyumba mbili, na jina lake lianze na mwaka, mahali na kituo kilichorusha kipindi. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kurekodiwa, na hakuna kitufe cha kuiharakisha. Anayeketi karibu nayo na daftari anaweza kuandika, dakika kwa dakika, nani ameonekana na wimbo gani umeimbwa.